Ufa wa Mbao na Dawa Yake

Wahenga walituachia neno: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Tumezoea kulitumia neno hili katika kuwaonya watu juu ya tabia zao, hata tukasahau kwamba ufa ni kitu cha kweli, na kwamba kuuziba ni kazi yenye elimu yake na historia yake. Katika kurasa hizi, msomaji, tuifuate historia hiyo, kwa maana ndani yake mna jibu la swali linalomkabili kila mwenye mlango, meza au dirisha: ufa huu uzibwe kwa kitu gani?

Kwanza yakupasa kuijua tabia ya mbao. Mti ukisha kukatwa na kupasuliwa, mbao zake huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Zinywapo hutanuka, na zikaukapo hunywea. Tena mabadiliko hayo huwa makubwa katika upana wa ubao, na madogo mno katika urefu wake. Ndiyo sababu mlango uliofunguka kwa urahisi wakati wa kiangazi hukwama wakati wa masika. Basi kuna nyufa zilizotulia, na kuna nyufa zinazofumba na kufumbuka kila majira yabadilikapo. Mafundi wa zamani waliitambua tofauti hiyo kwa kazi ya mikono yao.

Tutazame Misri ya kale. Nchi ile ilikuwa na miti haba ya kufaa useremala. Mikuyu na migunga yake ilitoa mbao fupi, zilizopindika, zenye mafundo na matundu. Mierezi mizuri ililetwa kwa merikebu kutoka pwani ya Lebanoni, nayo ilikuwa na thamani kubwa. Kwa hiyo seremala wa Misri hakuutupa ubao kwa ajili ya kasoro. Penye tundu kubwa alichonga kipande cha mbao kilicholingana nalo, akakipachika. Penye ufa mdogo alijaza rojo zito la jasi au chokaa lililochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama. Likaisha kukauka alilisawazisha, akapaka rangi juu yake. Majeneza yaliyotengenezwa hivyo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita yangali yakionekana katika majumba ya makumbusho. Rojo lile lilikuwa gumu lisilonyumbuka, lakini lilidumu, kwa sababu ndani ya makaburi makavu ya Misri mbao zilikuwa zimetulia.

Sasa tutoke makaburini twende baharini, ambako mbao hazitulii hata siku moja. Kitabu kimoja cha safari za Bahari ya Hindi, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, chataja mji wa pwani yetu ulioitwa Rhapta. Jina hilo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kushona, kwa kuwa vyombo vya mahali pale vilishonwa. Twajua habari za vyombo vya namna hiyo kwa mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu, kilichosafiri hata mwanzo wa karne ya 20. Mbao za mtepe zilifungwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi, wala si kwa misumari. Marco Polo, msafiri wa Venice, aliviona vyombo vya kushonwa huko Hormuz katika karne ya 13. Alisema kwamba havikupakwa lami bali mafuta ya samaki, akaviona kuwa ni vya hatari. Hata hivyo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliendelea kuvisafiria kwa karne nyingi baada yake.

Majahazi ya misumari nayo yana dawa yake, iitwayo kalafati. Fundi huchukua pamba iliyolowekwa katika mafuta, akaishindilia baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Chini ya chombo walipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Na juu walipaka sifa, mafuta ya papa. Kwa nini hawakutumia rojo gumu kama la Misri? Kwa sababu chombo kishushwapo majini mbao hutanuka. Pamba hukubali kubanwa, na kadiri ibanwavyo ndivyo izuiavyo maji. Rojo gumu lingevunjika vipande vipande, na maji yangepata njia.

Baina ya ugumu wa jasi na ulaini wa pamba ikaja puti, iliyotumika sana Ulaya: unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji. Huvuta oksijeni ya hewa, yakawa magumu polepole. Puti ilishika vioo vya madirisha na kufunika vichwa vya misumari, lakini ilitaka mbao zipakwe rangi ya kwanza mapema, zisiyanywe mafuta yake. Maseremala wengi walichanganya pia unga wa mbao na gundi. Mwaka 1846 Schönbein, mwanakemia wa Basel, alionyesha namna ya kugeuza pamba kwa asidi. Na katika karne ya 20 pamba ya jinsi hiyo, iliyoyeyushwa na kutiwa unga wa mbao, ikauzwa madukani kama dawa ya nyufa. Baadaye ikaja epoksi, ambayo huchanganywa kwa vitu viwili na kuwa ngumu sana.

Basi, ukisimama mbele ya ufa, usianze kwa kuuliza bei ya dawa. Uliza kwanza kama ufa huo umetulia. Kama umetulia, na utapakwa rangi, puti au rojo gumu litafaa. Kama utapakwa vanishi, chagua dawa ya rangi ya mbao zenyewe, uijaribu kwanza katika kipande kisicho na kazi, maana gundi haipokei rangi kama mbao. Kama ufa hufumba na kufumbuka, tafuta dawa inyumbukayo. Safisha vumbi, jaza tundu refu kwa tabaka, ukingoje kila tabaka likauke, kwa maana dawa nyingi hunywea. Acha ya juu iinuke kidogo, kisha usugue kwa msasa kufuata nyuzi za mbao.

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Dawa ya ufa hujaza, haibebi mzigo. Hakuna kalafati iliyookoa jahazi lenye ubao uliooza. Kadhalika paso la ngazi lililoliwa na mchwa, ukilijaza na kulipaka rangi, litapendeza macho mpaka siku mtu atakapolikanyaga. Hapo fundi mwaminifu hukata ubao mbovu na kuweka mzima, kama yule wa Misri alivyopachika kipande penye tundu kubwa. Kabla ya kuziba, choma mbao kwa ncha ya kisu. Ikizama kwa urahisi, weka dawa chini, ukachukue msumeno.