Wosia upo, wasii yuko wapi?

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo sheria huyatenga. 'Wosia' ni nasaha za mzee kwa wanawe. Wosia pia ni agizo lake kuhusu mali yake akishafariki. Mzizi uo huo wa Kiarabu ulitupa 'wasii', yaani mtu aliyeteuliwa na mwenye wosia ili autekeleze. Neno hili limetutoka midomoni. Kutoka Dagoretti hadi korido za Mahakama ya Milimani nasikia watu 'wanafanya saksesheni', lakini wasii simsikii.

Kesi ya S.M. Otieno inaonyesha uzito wa pengo hilo. Wakili huyo, mkazi wa Lang'ata, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alisema mumewe alitaka kuzikwa Ngong. Ukoo wa Umira Kager nao ulileta mashahidi kusema alitaka Nyalgunga, Siaya. Nasaha basi zilikuwa tele, ila wosia wa maandishi hakuna, wasii hakuna. Na marehemu alikuwa mwanasheria!

Kisheria, wasii hupata mamlaka yake kutoka kwa wosia wenyewe. Msimamizi wa mirathi, pasipo wosia, huyapata kutoka kwa mahakama. Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba msimamizi hawezi kushtaki kwa cheo hicho kabla ya kupewa barua za usimamizi. Tarehe 15 Mei 1987 ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23, siku 154 baada ya kufa. Sidai kwamba wasii angeuzima ubishi wote, maana maiti si mali ya kurithiwa. Lakini angalau angekuwapo mtu mmoja aliyetajwa na marehemu mwenyewe.

Tena wasii si mrithi mkuu, kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, humpa kazi kwanza: kulipia mazishi ya kiasi kutoka kwa mali ya marehemu, kuikusanya mali, kulipa madeni, kisha kuwagawia wanaostahili. Ndani ya miezi 6 tangu apewe hati na mahakama, sharti awasilishe hesabu kamili ya mali na madeni. Naye anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini, hata awe kifungua mimba, anatenda kosa la jinai.

Wosia wa mdomo nao unakubalika, mradi usemwe mbele ya mashahidi wasiopungua 2 na msemaji afariki ndani ya miezi 3. Akiishi zaidi ya hapo, maneno yake yanarudi kuwa nasaha tu.

Kwa hivyo tukimwuliza mzee kama ameandika wosia, tusiishie hapo. Tumwulize pia: na wasii ni nani?