Mgeni wa Mlimani, Mgeni wa Malimbe

Kabla ya 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na kwetu sisi watu wa ziwa njia ya kuiendea elimu ya juu ilikuwa ya majini. Kijana wa Mwanza, Musoma au Bukoba aliyebahatika kuchaguliwa kwenda Makerere aliweza kupanda meli hadi Port Bell, na kutoka hapo Kampala si mbali. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alisoma Makerere tangu 1943 hadi 1945. Akiwa huko, yeye na wenzake walianzisha chama cha ustawi cha Watanganyika. Chama hicho hakikudumu, nafasi yake ikachukuliwa na tawi la TAA, na waandishi wa historia ya siasa hukitaja kwa sababu hiyo tu. Mimi hukitazama kwa jicho jingine. Naona vijana wachache walio mbali na kwao, ambao jambo mojawapo la kwanza walilolifanya ni kujikusanya.

Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Toka hapo safari yetu ikageuka ikawa ya reli: zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Serikali ilitoa waranti ya treni, kitanda, chakula na fedha za mfukoni, zile ambazo wanafunzi walizibatiza jina la bumu. Mgeni alikabidhiwa godoro na ufunguo, na kwa macho ya serikali amekwisha kupokewa.

Lakini serikali hiyo hiyo iliwaogopa wasomi wake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurejea baadaye, ila kovu lilibaki. Mimi naamini kovu hilo ni sehemu ya yale yaliyoamuliwa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana huku huku kwetu ziwani, katika mji wa Musoma. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote. Lilikuwa na mkono wa pili: aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama.

Sharti hilo lilinikuta na mimi. Baada ya jeshi nilikaa miaka miwili nikiwa karani katika ofisi moja ya pamba hapa Mwanza, nikipiga hesabu za magunia, na nilipofika Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilijikuta miongoni mwa watu wazima. Chumbani kwangu alikuwapo mwalimu kutoka Ukerewe aliyeacha mke na watoto. Mtu yule hakuwa na akili kupita wengine, lakini alijua mambo. Kila karatasi aliyopewa, iwe barua ya udahili au kipande cha risiti, aliitoboa akaifunga kwenye faili lenye kamba, na juu yake akaandika orodha. Bumu likitoka, kwanza alituma posta za nyumbani, akanunua sabuni na kalamu, ndipo akahesabu kilichobaki kwa siku zilizobaki. Mhadhiri akimpa alama asiyoielewa, alimwendea ofisini, akabisha hodi na kuuliza bila kutetemeka, kwa sababu alikwisha kuzoea kusimama mbele ya maofisa elimu. Sisi vijana tulimwiga. Hakuna aliyemteua kuwa mlezi wetu, wala Azimio la Musoma halikuandikwa kwa nia hiyo. Lilitaka kumnyoosha msomi, kumbe njiani likawapa wageni wa Mlimani kaka wakubwa.

Jambo ambalo hata mwalimu wetu hakuliweza peke yake ni lugha. Tulitoka kwenye shule ambazo mwalimu aliandika Kiingereza ubaoni na kukieleza kwa Kiswahili, tukaingizwa katika ukumbi ambamo mtu alizungumza Kiingereza saa nzima bila kupumzika. Chuo kilikuwa kimeliona tatizo: mwaka 1978 kiliunda kitengo maalumu cha stadi za mawasiliano, kuwafundisha wanafunzi kusoma na kuandika kitaaluma. Mwaka 1982 tume ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari tangu 1985, pendekezo halikutekelezwa. Kisha 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima ufahamu wa lugha nchini na kukuta kwamba hata moja ya tano ya wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima haikufika kiwango cha kusoma kwa urahisi vitabu vyepesi vya masomo yao. Watu wengi walishtuka. Sisi tuliokuwa tukikesha na kamusi tulishangaa kuwa imewachukua muda wote huo.

Dawa yetu ilikuwa kikundi. Kitabu kilikuwa kimoja, maktaba ilikiazima kwa saa chache, na sisi tulikuwa watano. Kila mmoja alipewa sura yake, akaisoma, halafu usiku akawaeleza wenzake kwa Kiswahili mpaka wakaelewa. Baada ya hapo tuliandika muhtasari kwa Kiingereza, sentensi moja moja, tukibishana juu ya kila neno. Muhtasari ule ulinakiliwa kwa mkono na kurithiwa na waliofuata. Leo vijana huziita karatasi za namna hiyo madesa na wakubwa huwacheka kwa uvivu. Anayecheka hajui zilivyoanza.

Nisije nikaipamba enzi hiyo. Sharti la kufanya kazi kwanza lilipunguza idadi ya wasichana, na haikupita miaka mingi wakaruhusiwa kuja moja kwa moja kutoka shuleni. Basi walifika wakiwa wadogo kati ya wanaume waliokomaa, na kuta za chuo zilikuwa na Mzee Punch, matangazo ya kejeli yasiyo na jina la mwandishi, yaliyomwandama msichana aliyethubutu kukataa. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kusumbuliwa. Ndipo Punch ikapigwa marufuku. Hao nao walikuwa kaka wakubwa.

Sharti la Musoma likalegezwa, kisha likasahaulika. Katika miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na baada yake Bodi ya Mikopo, iliyotungiwa sheria 2004 na kuanza kazi 2005. Wakati huo huo chuo kikuu kikatufuata nyumbani. Kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, na Bugando, hospitali ya tangu 1971, ikapata chuo kikuu kishiriki cha tiba mwaka 2003. Mtoto wa Sengerema, ambaye tangu 2025 anavuka kwa daraja pale Kigongo na Busisi, anaweza kufika darasani asubuhi ile ile aliyotoka kwao.

Nina vyumba vichache vya kupangisha Malimbe, kwa hiyo maswali ya wageni hunifikia mlangoni. Kodi ya miezi sita italipwaje na mkopo haujaingia? Sapu ni nini, na ukiikamata umefukuzwa? Ukiumwa siku ya mtihani unamwona nani kwanza? Umri wao ni miaka kumi na tisa, ishirini. Hawajawahi kuajiriwa na mtu, na wanaowajibu wamewazidi mwaka mmoja tu.

Kwenye chumba cha mwisho anakaa binti wa mwaka wa pili, mtoto wa mvuvi wa Ukara. Jumamosi jioni hutandika mkeka barazani na kuwasomea wageni takwimu kwa Kiswahili, halafu huwalazimisha waandike kwa Kiingereza. Nimemwongezea taa ya nje. Ukutani amegongomea msumari, na kila anayekuja huning'iniza hapo faili lake.