Kutoka Ruvuma hadi Mbuzini

Mto Ruvuma umeandikwa katika ramani kuwa mpaka wa nchi mbili, lakini kwa watu wa Mbesa na vijiji vingine vya kusini mwa Tunduru mto huo haujawahi kuwa ukuta. Wayao wako ng'ambo hii na ng'ambo ile. Wamakua vivyo hivyo. Watu wamevuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kuzika na kuuza mpunga, na mkoa mzima ambao makao yake makuu ni Songea umechukua jina lake kutoka mto huo. Kwa hiyo vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, mkoa wa Ruvuma haukusikia habari za jirani wa mbali. Wakimbizi walivuka na watoto migongoni, makambi yakafunguliwa Muhukuru, Rutamba na kwingineko, na wakazi wa kando ya mto wakajifunza jambo ambalo babu zao hawakulijua, yaani kuiogopa sauti inayotoka juu.

Katika makala haya tumekusudia kueleza habari za ndege moja iliyogonga mlima wakati wa vita, mbali sana na Mbesa, ikaua kiongozi ambaye kusini mwa nchi yetu walimhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Huenda msomaji akauliza kisa cha ndege kinahusianaje na utamaduni wa taifa. Jibu letu ni kwamba kisa hiki kimekwisha kuingia katika masimulizi yetu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam hupita katika Mtaa wa Samora pengine bila kufikiri. Na mwalimu anayefundisha ukombozi wa Kusini mwa Afrika huulizwa kila mwaka swali lile lile: je, Samora aliuawa, au ilikuwa ajali? Swali hilo lafaa kujibiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko ulivyo desturi yetu.

Yafaa kwanza tukumbuke ndege zilikuwa na maana gani katika vita vile. Wareno walikuwa nazo. Wapigania uhuru hawakuwa nazo. Majeshi ya Ureno yalitumia ndege za Fiat zenye injini za jeti, ndege ndogo za Harvard, na helikopta za kubebea askari. Mwaka 1970 walipoanzisha mashambulizi yao makubwa katika nyanda za juu za Wamakonde, walikusanya askari wapatao 35,000, wakategemea sana nguvu zao za angani. FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kiliwategemea watu waliobeba risasi, dawa na unga vichwani, wakitembea usiku na kujificha mchana chini ya miti. Rubani aliyekuwa juu aliona msitu tu. Aliyekuwa chini alimsikia rubani kabla hajaonekana, akazima moto wake, akangoja. Ni katika mwaka wa mwisho tu wa vita ndipo wapiganaji walipoanza kutumia makombora madogo ya kutungulia ndege, na kuanzia hapo marubani wa Kireno hawakuruka tena kwa raha.

Samora Moises Machel alikuwa mtu wa vita hivyo vya miguu. Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 huko Chilembene, mkoa wa Gaza, akasomea uuguzi na kufanya kazi hospitalini Lourenço Marques, mji uitwao leo Maputo. Mwaka 1963 alitoroka kupitia Botswana, ambayo wakati ule iliitwa Bechuanaland. Huko wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walimpa kiti katika ndege yao iliyokuwa ikienda Dar es Salaam. Basi hata kufika kwake Tanzania kulikuwa ni kwa ndege, tena kwa fadhila ya Waafrika Kusini. Alipata mafunzo Algeria, akarudi kuwafundisha wengine Kongwa na Nachingwea. Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu la kifurushi hapa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, nafasi ya uongozi hatimaye ilimwangukia Samora, mwezi Mei 1970. Miaka mitano baadaye, Mei 1975, alivuka Ruvuma kutoka Tanzania akasafiri nchi nzima kuelekea kusini, akihutubia mikutano njiani, hadi akafika mji mkuu kwa ajili ya sherehe za uhuru za tarehe 25 Juni. Safari hiyo ya kutoka Ruvuma hadi Maputo Wasumbiji wanaikumbuka mpaka leo.

Uhuru haukuleta amani. Serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini iliwasaidia waasi wa RENAMO kwa silaha na mafunzo, na ingawa mkataba wa Nkomati wa tarehe 16 Machi 1984 ulitaka kila upande uache kuwasaidia maadui wa mwenzake, hati zilizokamatwa katika ngome ya waasi huko Gorongosa mwaka 1985 zilionyesha kwamba msaada ule ulikuwa ukiendelea. Mwaka 1986 hali ilizidi kuwa mbaya. Mwezi Septemba, Samora, Kaunda na Mugabe walikwenda Blantyre kumtaka Rais Banda wa Malawi asiwape waasi njia. Tarehe 6 Oktoba bomu la ardhini liliwajeruhi askari sita wa Afrika Kusini karibu na mpaka wa Msumbiji, na siku iliyofuata Waziri wa Ulinzi wa Makaburu, Magnus Malan, akamtishia Samora hadharani. Tunayataja haya kwa sababu bila kuyajua hatuwezi kufahamu kwa nini habari za siku kumi na mbili baadaye zilipokewa namna zilivyopokewa.

Jumapili tarehe 19 Oktoba 1986 Samora alikuwa Mbala, kaskazini mwa Zambia, si mbali na mpaka wetu, katika mkutano pamoja na Kaunda, dos Santos wa Angola na Mobutu wa Zaire. Jioni, saa 12 na dakika 38, ndege yake iliondoka kurudi Maputo. Ilikuwa ndege ya serikali ya Msumbiji, aina ya Tupolev 134 iliyoundwa Urusi ya Kisovieti, ikirushwa na marubani wa Kisovieti, na ilikuwa na watu 44 ndani. Ilitazamiwa kutua saa 3 na dakika 25 za usiku. Safari ilikwenda vema mpaka ikabaki chini ya kilomita mia moja kufika. Hapo ndege ikapinda kulia kwa nyuzi 37. Sauti zilizonaswa na chombo cha ndani ya ndege zinaonyesha kwamba rubani mkuu aliuliza sababu ya kupinda, na afisa wa kuongoza njia akamjibu kuwa mtambo ndio unaoelekeza hivyo. Wakaendelea kuteremka. Hawakuziona taa za Maputo; wakauomba uwanja uangalie kama taa zinawaka. Zilikuwa zinawaka, ila wao walikuwa hawako mahali walipodhani wako. Kengele ya kuonya kwamba ardhi iko karibu ililia kwa muda wa nusu dakika hivi, nao hawakuinua ndege. Saa 3 na dakika 21 ikagonga mlima.

Mlima wenyewe si mrefu. Mahali ilipogonga ni mita 666 tu juu ya usawa wa bahari, katika safu ya Lebombo, mwendo mfupi ndani ya Afrika Kusini, karibu na pale mipaka ya nchi hiyo, Msumbiji na Swaziland (iitwayo Eswatini tangu 2018) inapokutana. Mkazi wa Matengo au Livingstone angeuita kilima. Lakini usiku wa giza, kwa ndege inayoteremka, urefu wa mlima hauna maana. Maana iko katika kujua kwamba mlima upo. Mahali hapo panaitwa Mbuzini, jina ambalo sikio la Mswahili hulipokea kama jina la kwao, na si ajabu, kwani hata Wazulu humwita mbuzi kwa jina hilo hilo.

Ili mwanafunzi aelewe ubishi uliofuata, tutumie mfano wa ngoma. Mtu asiyeijua njia anakwenda usiku kwenye sherehe, naye anaongozwa na mlio wa ngoma. Ikiwa katika kilima kingine kuna ngoma ya pili, anaweza kuifuata hiyo akidhani ndiyo ya wenyeji wake. Ndege huongozwa vivyo hivyo na mitambo ya redio iliyo ardhini, kila mmoja na namba ya mawimbi yake. Mtambo wa Maputo ulikuwa na namba 112.7, wa Matsapa, nchini Swaziland, 112.3. Kwamba ndege ilifuata ngoma isiyokuwa ya Maputo, pande zote zinakubali. Ubishi ni juu ya nani aliyekuwa akiipiga.

Afrika Kusini iliunda tume chini ya Jaji Cecil Margo, pamoja na wataalamu wa nchi za nje, miongoni mwao Frank Borman, mwanaanga wa Marekani aliyewahi kuuzunguka mwezi. Mwaka 1987 tume hiyo ilisema kosa lilikuwa la marubani: waliweka namba ya Matsapa kwa bahati mbaya, wakateremka bila kuiona ardhi, wakapuuza kengele. Wasovieti walikataa. Wao walisema kuna mtambo wa hila uliowekwa ili kutoa mawimbi ya namba ile ile ya Maputo na kuivuta ndege hadi mlimani. Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini huru ililitazama jambo hili upya. Haikuthibitisha upande wowote, ila ilisema yapo maswali yanayostahili kuchunguzwa zaidi. Mwaka 2003 mtu mmoja aliyewahi kutumika katika vikosi vya siri vya Makaburu alidai gazetini kwamba alishiriki njama hiyo. Dai hilo halikuthibitishwa.

Sisi tunasemaje? Tunajua kwamba walimu wengi husema kwa mkato, Makaburu walimwua Samora, na mjadala ukaishia hapo. Hatuwalaumu. Serikali ile ilikuwa na sababu, ilikuwa na uwezo, na ilikuwa imetisha siku chache kabla. Zaidi ya hayo, polisi wake walifika mlimani usiku ule ule, wakachukua hati zilizokuwa ndani ya ndege, huku Maputo ikiachwa bila habari mpaka asubuhi. Mambo haya hayana ubishi, na ni aibu inayojitegemea hata kama hakukuwa na hila yoyote. Lakini kuwa na sababu ya kuua si ushahidi wa kuua, na kengele iliyolia ndani ya ndege haikunyamazishwa na mtu wa nje. Mwanafunzi akipewa mambo yote haya pamoja, yaliyothibitika na yanayodhaniwa, kila moja likiwa na jina lake, atakuwa amefundishwa historia. Tukimpa hukumu peke yake, siku atakapokutana na hoja ya tume ya Margo hatakuwa na la kujibu, na pengine ataanza kuyatilia shaka hata yale ya Gorongosa, ambayo ni kweli tupu.

Katika watu 44, walionusurika usiku ule walikuwa 10, na mmoja wao akafariki baadaye, hivyo waliokufa jumla ni 35. Miongoni mwao alikuwa Aquino de Bragança, mwanachuoni aliyekuwa mshauri wa karibu wa Samora. Rais alizikwa Maputo tarehe 28 Oktoba, na Joaquim Chissano, ambaye naye alikuwa ameishi miaka mingi Dar es Salaam, akashika nafasi yake.

Vita havikungoja matanga yaishe. Waasi walikuwa wakishuka bonde la Zambezi, na Tanzania ikapeleka askari wake kusaidia ulinzi wa jimbo la Zambezia, ambako walikaa hadi mwaka 1988. Wale waliopoteza maisha huko wana makaburi yao Naliendele, nje kidogo ya Mtwara. Msafiri anayetoka Songea kupitia Tunduru na Masasi anaweza kufika hapo kwa barabara, na tungependa shule za mkoa wa Ruvuma ziwapeleke wanafunzi wao.

Mbuzini kwenyewe palijengwa ukumbusho uliochorwa na José Forjaz, mchoraji majengo wa Msumbiji, ukafunguliwa tarehe 19 Januari 1999 na Nelson Mandela, akiwapo Chissano na mjane wa marehemu, Graça Machel, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Mandela. Umefanywa kwa mabomba 35 ya chuma yaliyosimamishwa mlimani, moja kwa kila aliyekufa, nayo yamekatwa mipasuo ili upepo wa Lebombo unapopita ndani yake yatoe sauti.