Mchepuko Juu ya Mchepuko

Barabara ya kutoka Ntendo ikifika ukingo wa uwanda wa Ufipa huanza kujikunja, na abiria aliyeizoea hushika kiti cha mbele bila kuambiwa. Chini ndiko Muze: joto la bonde la Ziwa Rukwa, mpunga, mahindi, harufu ya samaki waliokaushwa. Rukwa ilihesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya chakula, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa. Utafiti huohuo ulikuta wanawake 28 katika kila 100 nchini wenye umri wa kuzaa wamezidi uzito. Ghala, udumavu na unene vimekaa nchi moja, wakati mwingine nyumba moja.

Habari za upasuaji wa unene hufika huku kwa redio na simu, na watu huuita kwa jina moja tu, "kukata utumbo", kana kwamba ni operesheni moja. Ziko nyingi. Na ukifuata historia yake utaona kwamba karibu kila mpya ilibuniwa ili kufunika kasoro ya iliyotangulia.

Mwaka 1954 Kremen na Linner, wa Minnesota huko Marekani, walieleza namna ya kuunga mwanzo wa utumbo mwembamba na sehemu yake ya mwisho, chakula kikaruka eneo kubwa la kunyonywa. Watu walikonda kweli. Kisha kukaja kuharisha kusikokoma, mawe ya figo, maumivu ya viungo, na ini lililokufa taratibu. Kufikia miaka ya 1980 operesheni hiyo ilikuwa imeachwa, na madaktari wengi walikuwa kazini wakirudisha utumbo mahali pake. Waliorudishiwa bila kufanyiwa kingine walinenepa upya.

Edward Mason, wa Chuo Kikuu cha Iowa, alikuwa ameona jambo jingine: wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula walibaki wembamba. Mwaka 1966 yeye na Chikashi Ito walianza kutenga kijisehemu cha juu cha mfuko huo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Ni mchepuko, kwa maana ile ya wahandisi wa barabara (najua neno lina maana nyingine mitaani, na namwomba msomaji avumilie). Siku hizi kijifuko hicho huachwa na ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Tonge moja la ugali wa ulezi, la mkono wa mkulima, halikai humo.

Mason mwenyewe, mwaka 1980, akajaribu njia nyepesi: kugawa mfuko kwa pini na kuuzungushia mkanda, utumbo usiguswe. Pini ziliachia, wagonjwa wakarudi, wengi wakageuziwa mchepuko. Huko Genoa, Italia, Nicola Scopinaro alikwenda upande wa pili, akapunguza mfuko na kurukisha utumbo mrefu. Uzito ulishuka kuliko kwa njia nyingine, ila protini na vitamini navyo vilishuka.

Miaka ya 1990 ilileta upasuaji wa matundu madogo na, pamoja nao, pete ya kujazwa maji inayobana sehemu ya juu ya mfuko. Ilipendwa kwa sababu hukati kitu. Baada ya miaka, pete nyingi ziliteleza au zikatafuna ukuta wa mfuko, na kuziondoa kukawa kazi kubwa ya wapasuaji. Nafasi yake ilichukuliwa na mfuko uliokatwa ukabaki mithili ya ndizi. Operesheni hiyo haikukusudiwa kuwa tiba kamili: ilikuwa hatua ya kwanza kwa wagonjwa wazito mno wasioweza kuhimili upasuaji mrefu. Wengi walipungua vya kutosha wasirudi kwa hatua ya pili, ikasimama peke yake na kuwa ndiyo inayofanywa zaidi duniani.

Nayo ina madeni yake, na hapa ndipo uchaguzi wa operesheni ya marudio unapokuwa mgumu. Swali la kwanza si "ipi ina nguvu zaidi?" bali "ile ya kwanza ilishindwaje?" Aliyebaki na ndizi na sasa anaungua kifua kila usiku hufaa mchepuko wa viungo viwili, yaani wenye maungio mawili (Roux-en-Y), uliotokana na ule wa Mason, kwa kuwa huondoa shinikizo na tindikali. Mchepuko wa kiungo kimoja si chaguo zuri kwake: nyongo yaweza kupanda. Asiye na kiungulia ila uzito umerudi anaweza kufikiriwa kurukishiwa utumbo zaidi, kwa njia zilizotokana na kazi ya Scopinaro. Mwenye pete iliyotafuna ukuta kwa kawaida huondolewa kwanza, akapona miezi kadhaa, ndipo akakatwa tena. Na aliyekwisha kufanyiwa mchepuko ana milango michache. Kwake dawa mpya za sindano, kama semaglutide, mara nyingi hujaribiwa kabla ya kisu.

Tanzania imeingia katika historia hii juzi tu, Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ilipoanza kuweka puto tumboni na kisha kufanya upasuaji wenyewe. Puto nalo si geni: Marekani iliruhusu moja mwaka 1985, likapasuka na kuziba matumbo, likaondolewa baada ya miaka michache. Maputo ya leo ni bora, lakini hutolewa baada ya miezi, na mfuko hubaki ule ule.

Kutoka Muze hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000. Operesheni ya kurukisha utumbo mrefu hudai vidonge vya vitamini kila siku, vipimo vya damu kila mwaka, maisha yote. Kwa mtu ambaye kupima tu ni safari ya kupanda mlima, mimi ningemshauri achague ile inayopunguza kilo chache zaidi na kudai ufuatiliaji mdogo, hata daktari akimsifia nyingine. Na akipanda gari, asisahau karatasi ya upasuaji wa kwanza, ile iliyokunjwa chini ya kanga sandukuni. Kwa mpasuaji wa pili, ndiyo ramani ya kilichokatwa na kilichoungwa humo ndani.