Jando la Kikristo (Masasi na Newala)

Ibada ya tohara iliyotengenezwa na William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi (1926–1944), ambaye, alipotambua kwamba wavulana waliobatizwa wangeendelea kuingia kumbini kwa siri, hakuiharamisha mila ya jando, bali aliweka sala za kanisa mahali pa tambiko, ngariba akashika kisu mbele ya padri.

Kwa mujibu wa Mwanzo 17, tohara ni alama ya agano la Ibrahimu, aliyetahiriwa akiwa na umri wa miaka 99, siku moja na mwanawe Ishmaeli wa miaka 13. Walakini Paulo, akiwaandikia Wagalatia, alikataa kuifanya sharti la imani. Kwa hiyo jando hili, pamoja na heshima yake yote, si sakramenti.