Hitilafu za umeme wa gari baada ya matengenezo

Hitilafu za umeme wa gari baada ya matengenezo ni kasoro za mfumo wa umeme zinazojitokeza muda mfupi baada ya gari kutoka gereji, hata kama kazi iliyofanyika haikuhusu umeme. Gari lililobadilishwa klachi linaweza kurudi likiwa gumu kuwaka, na lililopigwa rangi likarudi taa zake za nyuma zikiwaka ovyo. Hutokea zaidi katika magari yaliyotumika, kwa sababu plastiki ya plagi zake imekaushwa na joto la injini na huvunjika inapochomolewa, na bolti zake zimeshika kutu.

Katika Afrika Mashariki jambo hili linawagusa wengi, kwa kuwa magari mengi ya watu binafsi huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Waya wa ethi

Katika karibu magari yote ya leo, upande hasi wa betri umeunganishwa na bodi ya chuma na injini. Taa au stata hupata umeme kwa waya unaotoka upande chanya, lakini umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ethi. Injini imekalia mipira, ambayo haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kuna waya mnene au utepe wa shaba uliosukwa unaoiunganisha na bodi au na betri. Fundi anaposhusha injini au giaboksi huufungua waya huo. Akisahau kuurudisha, au akiufunga juu ya kutu au rangi mpya, umeme hutafuta njia nyingine.

Njia hizo nyingine ndizo zinazomchanganya mwenye gari. Stata ya gari dogo huweza kuvuta zaidi ya ampea 100, na mkondo huo ukipita kwenye kebo ya aksileta au waya mwembamba wa sensa, huupasha moto hata kuuchoma. Taa za nyuma huonyesha kosa hilohilo kwa udogo: dereva akikanyaga breki, indiketa humulika hafifu, kwa sababu umeme wa balbu ya breki unarudi kupitia balbu za jirani. Wengi hubadilisha balbu mara kadhaa kabla ya kuangalia bolti moja.

Kupima kabla ya kubadilisha

Jambo la kwanza ni kujua kilichoguswa gereji, kisha kuangalia plagi, fyuzi na bolti za sehemu hiyo. Gari likirudishwa kwa fundi yuleyule kabla ya mwingine kulifungua, ni rahisi zaidi kufuata nyayo za kazi.

Kwa multimeta, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5, ikibaki chini ya 12.6 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji au waya wake haukurudishwa. Ethi hupimwa kwa kugusisha ncha moja kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye terminali hasi, huku mtu akipiga stata. Kipimo kikizidi takriban volti 0.5, njia ya kurudi ni mbovu, na betri mpya haitasaidia kitu.

Betri inayokwisha usiku huhitaji uvumilivu. Gari likiwa limezimwa na kompyuta zake zimelala, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi, mkondo unaovutwa kwa kawaida hauzidi ampea 0.05. Taa ya buti ya wati 5 iliyobaki ikiwaka huvuta karibu ampea 0.4, yaani saa-ampea 10 kwa siku, na betri ya saa-ampea 45 inaweza kushindwa kuwasha gari baada ya siku tatu hivi. Fyuzi huchomolewa mojamoja hadi mkondo ushuke.

Msimbo unaosomwa na mashine ya kupimia hutaja mzunguko wenye tatizo, wala si uthibitisho kwamba kifaa kimekufa. Sensa nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya plagi iliyolegea. Kompyuta ya injini huweza kuharibika terminali za betri zikigeuzwa, au bodi ikichomelewa bila betri kufunguliwa. Kugeuza terminali huunguza pia fyuzi kuu na diodi za alteneta.

Dalili zisizo hitilafu

Betri ikifunguliwa, baadhi ya kumbukumbu hupotea. Saa huanza upya, redio huweza kudai namba ya siri, na mngurumo wa injini hupanda na kushuka hadi kompyuta ijifunze tena. Dirisha linalopanda lenyewe huacha kufanya hivyo. Katika magari mengi hurekebishwa kwa kulifunga kabisa na kushikilia swichi kwa sekunde chache.

Hatari

Fyuzi ya ampea 10 inayoungua kila mara haibadilishwi kwa ya 30 wala kwa kipande cha waya, kwani nyaya zilizo ndani ya dashibodi ndizo zitakazoungua badala yake. Plagi za rangi ya manjano chini ya usukani na viti kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Hazipimwi kwa multimeta, na kabla ya kuzichomoa betri hufunguliwa na kusubiriwa kwa dakika kadhaa, kwa kuwa kifaa chake hubaki na akiba ya umeme.