Mwani wa Zanzibar na joto la bahari

Mwani ni zao la baharini linalolimwa kwenye fukwe za Unguja na Pemba, likakaushwa na kuuzwa nje ya nchi. Baada ya karafuu, ndilo zao linaloiingizia Zanzibar fedha nyingi za kigeni. Wakulima wake wanazidi 20,000, wengi mno wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno hutoka Pemba. Hapa zao hili linatazamwa kwa jambo moja hasa: jinsi kupanda kwa joto la bahari kulivyobadili kazi ya mkulima wake. Mabadiliko ya tabianchi huzungumzwa sana kwa lugha ya mikutano, lakini mkulima wa mwani huyapima kwa miguu yake, akiwa amesimama majini.

Chimbuko

Kabla ya kulimwa, mwani wa asili uliokotwa ufukweni na kuuzwa kwa wafanyabiashara. Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea ya bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihimiza tangu miaka ya 1970 kwamba upandwe badala ya kungojewa uletwe na mawimbi. Mbegu za kibiashara zililetwa kutoka Ufilipino, na mwaka 1989 kilimo kikaanza Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja. Wanaume walijaribu, wakayaona malipo madogo, wengi wao wakarudi kwenye uvuvi. Wanawake walibaki. Kwa mara ya kwanza wengi wao walishika fedha ambazo hawakuziomba kwa mtu, na kwenye vijiji vya mashariki nyumba za mabati na ada za shule zililipwa kwa mwani.

Aina zinazolimwa ni mbili: spinosamu (Eucheuma denticulatum) na kotonii (Kappaphycus alvarezii). Zote hutoa karaginani, ute unaoshikamanisha dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Ute wa kotonii huganda vizuri zaidi, kwa hiyo bei yake mara nyingi huwa maradufu ya bei ya spinosamu au zaidi. Tofauti hii ya bei ndiyo inayofanya habari ya joto kuwa habari ya mfuko.

Kazi yenyewe

Shamba la mwani hufuata mwezi. Siku za bamvua, maji yanapopwa sana, wakulima huteremka pwani wakiwa na mbegu, yaani vipande vilivyokatwa kwenye mwani uliokwisha kukua. Kila kipande hufungwa kwa taitai, yaani uzi mwembamba, kwenye kamba, na kamba huvutwa kati ya vijiti viwili vilivyochomekwa mchangani. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hubebwa hadi ufukweni na kuanikwa. Siku za maji mafu, bahari isipopwa vya kutosha, shamba halifikiki kwa miguu.

Neno mbegu hapa lisimpoteze msomaji wa bara. Mbegu ya mahindi ina baba na mama, na katika shamba moja haikosi miche iliyo imara kuliko mingine. Mbegu ya mwani ni tawi la mmea uleule, limekatwa, likapandwa, likakatwa tena kwa zaidi ya miaka 30. Shamba zima ni kama mmea mmoja uliotawanywa. Linapokuja jambo ambalo mmea huo hauliwezi, hakuna kipande kitakachosalimika kwa kuwa tofauti na wenzake.

Maji yanapochemka

Jambo hilo lilikuja. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii ilianza kufa Unguja, kijiji baada ya kijiji. Matawi hupoteza rangi, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Ugonjwa huo wataalamu huuita aisi-aisi, kwa sababu tawi lililougua huwa jeupe kama barafu. Mwani uliodhoofishwa na joto huvamiwa pia na mimea midogo kama nyuzi inayojishika kwenye matawi yake. Spinosamu huvumilia zaidi, lakini nayo si ya chuma.

Sababu yake mtu anaweza kuiona bila kipimajoto. Pwani ya mashariki ina mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi makubwa, na ndani yake maji hubaki ya kina kifupi, mazuri kwa mtu wa kusimama na kufunga kamba. Bamvua katika mwambao huu hupwa kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi mchana, yaani wakati jua linapanda utosini. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo huwa mwepesi na maji hayo machache hukaa yakipikwa. Bahari ya nje ikiwa tayari na joto kuliko zamani, maji ya ndani huvuka kiwango ambacho kotonii hukiweza, kinachokaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Miaka ya joto kali la bahari, kama 1998 na 2016, matumbawe ya Zanzibar yalipauka kwa wingi, na mwani haukai mbali na matumbawe.

Kuhamia kina kirefu

Jibu la kitaalamu ni rahisi kulitaja: mwani upelekwe mahali maji yalipo baridi zaidi. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, pamoja na wenzake, walifanya majaribio ya kulima kotonii kwenye kina kirefu kwa kamba zinazoelea na kwa nyavu za mfano wa bomba, ambamo mbegu hujazwa ndani badala ya kufungwa moja moja. Nyavu hizo zina faida ya ziada: wimbi haling'oi mwani kwa urahisi. Kotonii iliota pale ilipokuwa imeshindikana.

Lakini kina kirefu kina masharti. Shamba la miguuni lilihitaji kamba, vijiti na mgongo wenye afya. Shamba la kina kirefu linahitaji dau, nanga, maboya, na mtu anayejua kuogelea. Katika vijiji vingi vya pwani ya Zanzibar mtoto wa kiume hujifunza kuogelea akicheza, ilhali mtoto wa kike hukua akiitazama bahari hiyohiyo bila kufunzwa. Ndiyo maana mafunzo ya kuogelea na ya kuendesha chombo yamekuwa sehemu ya kilimo cha mwani, jambo ambalo mwaka 1989 lingechekesha. Asiye na dau hukodi, au hungojea mwanamume mwenye chombo, na fedha iliyokuwa ya mtu mmoja huanza kugawanywa. Mwandishi wa makala hii haoni kwamba hilo linabatilisha njia hiyo. Anaona tu kwamba gharama yake haitajwi inavyostahili.

Njia nyingine

Wengine wameiacha kotonii na kubaki na spinosamu ya bei ndogo. Pembeni mwa shamba, mvua zinazonyesha nje ya majira yake zimefanya uanikaji kuwa kamari, kwa sababu mwani mkavu ukilowa maji ya mvua hupoteza thamani. Vichanja vilivyoinuliwa kutoka mchangani na maturubai ya kufunika vimesaidia, na mwani wa kichanja huwa safi kuliko ule ulioanikwa chini.

Kuna waliochagua kupata zaidi kwa mwani uleule mchache. Tangu mwaka 2006 mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara umewafunza wanawake kusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni na mafuta ya kupaka, na Paje sasa watalii hununua sabuni hizo. Watalii haohao wameleta hoteli na michezo ya upepo juu ya maji yaliyokuwa mashamba, kwa hiyo uhusiano huu una pande mbili. Jambiani, baadhi ya wanawake wamehamia ufugaji wa sponji za bahari, ambazo huchukua muda mrefu kukua lakini huuzwa kwa bei nzuri kuliko mwani. Wanasayansi nao wanachunguza kotonii ya asili inayoota yenyewe katika mwambao wa Afrika Mashariki, wakitafuta ukoo utakaovumilia kaskazi ya sasa.

Kote huko, mwani mkavu huishia kwenye mizani ya mnunuzi. Kotonii iliyofuatwa kwa dau, kwa nanga na kwa mwezi mzima wa kujifunza kuogelea hulipwa bei ileile ya kilo kama iliyofungwa mtu akiwa amesimama na maji ya magoti.